Hewa Katika Mabomba ya Maji
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa niseme juu ya maji ya nyumbani, nami si fundi bali karani kama wengi wenu. Nitasema lile nililojifunza kwa aibu.

Mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua, maji ya Dar es Salaam yaligawiwa kwa zamu, na tangi langu lililo juu ya mnara likakauka. Maji yaliporudi lilijaa hata kufurika. Lakini bilula ya jikoni ilikoroma, ikatema matone machache, ikanyamaza. Nilimdhania kijana mpangaji wa uani kuwa amefunga koki kwa inda, nikamsema mbele ya watu. Fundi niliyemwita alitaka kuvunja ukuta akate bomba. Kumbe koki ilikuwa wazi, na bomba zima. Kilichozuia maji ni hewa.

Tangi likiisha, bomba huingia hewa. Maji yakirudi, hewa ile hukimbilia mahali bomba lilipoinuka, kama pale linapopita juu ya mlango kisha likashuka, ikakaa kama kizibo. Sasa, nguvu ya maji hutokana na kimo chake. Maji yenye kimo cha mita 10 hukandamiza karibu sawa na hewa yote iliyo juu yetu. Basi tangi lililo mita 3 juu ya bilula lina sehemu 3 tu katika 10 za nguvu hiyo. Kila kilima chenye hewa hula sehemu ya kimo, na vilima viwili au vitatu vyaweza kukimaliza chote.

Dawa ni kuisukuma hewa irudi ilikotoka. Tafuta bilula ipatayo maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaa, ambayo mara nyingi iko uani. Chukua mpira safi, unganisha bilula hiyo na ile iliyokauka, ufunge vizuri kwa waya au kibano. Funga bilula nyingine zote, na kama una chombo cha kupashia maji moto, kizime. Fungua ile kavu kwanza, kisha ya mtaa, kwa muda wa nusu dakika hivi. Mtu aliye juu ataona mapovu yakitoka ndani ya tangi. Funga ya mtaa kwanza, ndipo ufungue mpira. Pengine itabidi kurudia mara mbili.

Angalieni sana jambo hili: fanyeni hivyo maji ya mtaa yakiwa yanatoka kwa nguvu, wala msiuache mpira umeunganishwa. Maji ya mtaa yakikatika, ya tangi huweza kurudi katika bomba la watu wote pamoja na uchafu wake.

Asiye na bilula ya mtaa ajaze tangi hata juu, afungue bilula za chini kabisa, asubiri. Aghalabu hufaa, ila si kila mara.

Nayo njia ya kuzuia ni rahisi. Mkiona maji yanakaribia kwisha, fungeni koki ya chini ya tangi, bomba libaki limejaa. Tena karibu na koki hiyo, upande wa nyumbani, wekeni kibomba cha pumzi kinachopanda kupita kimo cha tangi, mdomo wake umepinda chini.

Changu nilikiweka wiki ile ile, baada ya kumwomba radhi yule kijana. Yeye ndiye aliyepanda mnarani kukifunga.