Kabla ya Kununua Kamera
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Kaloleni, Arusha)



Tulipokutana mara ya mwisho mlituambia kwamba kikundi kimeweka akiba na mnataka kununua kamera ya video. Mnataka kutengeneza filamu yenu wenyewe juu ya maji ya kule Ngarenanyuki, ambako baadhi yenu mna jamaa. Meno ya watoto huko yanakuwa ya kahawia, na wengine miguu inapinda. Sababu yake ni madini ya floridi. Yanatoka katika miamba ya volkano ya Meru na kuingia katika maji, na yamo pia katika magadi tunayopikia. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja, lakini sehemu nyingi za huku yanazidi. Basi swali lenu lilikuwa hili: tununue kamera gani?

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwishoni mwa mwaka 1960 na katika mwaka 1961, mwongozaji Howard Hawks alikuja huku kwetu kutoka Marekani pamoja na mwigizaji John Wayne. Wakapiga filamu iitwayo Hatari!, ikatoka mwaka 1962. Mji wetu umo. Lakini hadithi ni ya wageni wanaokamata wanyama wa kupeleka katika bustani za wanyama. Na hata kama mwananchi angetaka kupiga filamu yake, angeanzia wapi? Mkanda wa futi 1,000 ulikwisha kwa dakika 11 hivi, halafu ukapelekwa maabara kuoshwa ndipo uonekane. Mwaka 1995 kamera za video za dijitali zilianza kuuzwa kwa watu wa kawaida, na mambo yakageuka. Leo anayepiga anaona picha yake papo hapo, na asipoipenda anarudia.

Hapo ndipo penye mtego, ndugu zangu. Kwa kuwa picha tunaiona papo hapo, tunasahau sauti.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Tulikwenda mteremkoni kumpiga mzee mmoja aliyekuwa akijua chemchemi zote za zamani: ipi watu walikunywa, ipi waliachia ng'ombe, na kwa nini. Alizungumza karibu saa nzima, amekaa nje ya nyumba yake, mlima uko nyuma, picha safi kabisa. Tulirudi mjini tumefurahi. Tulipofungua, tukasikia upepo tu. Vuu, vuu, vuu! Midomo inakwenda, neno hakuna. Tulipopanga kurudi tukaambiwa mzee amekwisha kuzikwa. Picha yake tunayo mpaka leo, na aliyoyasema hatunayo.

Kwa hiyo mkifika dukani, msianze kuuliza habari za picha. Uliza: je, ina tundu la kuchomeka maiki ya nje? Je, ina tundu la spika za masikioni, ili mmoja wenu asikilize wakati mwingine anapiga? Kama haina, irudisheni kabatini, hata iwe kubwa namna gani. Kamera kubwa kuukuu ya begani inapendeza machoni pa watu, tunajua, lakini betri yake huenda haipatikani tena. Nunueni ndogo, na fedha inayobaki mnunue maiki ya kubana kwenye nguo, kifuniko chake cha manyoya cha kuzuia upepo, betri ya pili na stendi ya miguu mitatu. Hata simu nzuri yenye maiki ya namna hiyo itawafaa kuliko kamera ya gharama isiyosikia.

Muuzaji atawaambia, "Chukueni hii, ni 4K." Maana yake picha ina nukta mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080. Ni kweli, lakini mafaili yake ni mazito na kompyuta ya kikundi itakwama. Ile ya 1920 kwa 1080 inatosha.

Tupige hesabu kidogo. Kamera ikiandika megabaiti 3 kwa sekunde, dakika moja ni 180, na saa moja ni 10,800, yaani karibu gigabaiti 11. Kadi ya gigabaiti 64 itachukua karibu saa 6. Lakini msijaze kadi moja mkatembea nayo mfukoni! Kila jioni nakilini mahali pawili ndipo mfute.

Jambo lingine ni umeme. Umeme wetu unakwenda mapigo 50 kwa sekunde. Kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambako ni 60, hutoa picha inayopepesa chini ya taa za mirija. Iwekeni kwenye picha 25 kwa sekunde, na kasi ya 1/50. Kama haina mpangilio huo, iacheni.

Juu ya kupiga, maneno machache. Saa sita mchana jua huficha macho ya mwenye kofia. Mwingizeni kwenye kivuli cha migomba. Asubuhi ya baridi ya Juni au Julai lenzi hushika ukungu mkiiingiza ndani penye moto, subirini ikauke. Na mkae kimya mnapopiga. Siku ya mpira katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, hapa Kaloleni msipige mahojiano kabisa.

Tunabakiwa na lile gumu. Mtamwambia mtoto, "Fungua mdomo, tuone meno"? Watoto wengi wa kule hucheka wameziba midomo kwa mkono, kwa aibu. Waombeni wazazi kwanza, na mtoto mwenyewe. Mkishapiga, mgeuzieni kioo aone. Akisema futa, futeni pale pale mbele yake. Kibali cha Bodi ya Filamu nacho kinatakiwa. Barua tutaiandika pamoja, kwa mkono wenu.

Jumamosi saa nne tukutane darasani. Kila mwenye simu aje nayo, imejaa chaji. Tutatoka nje penye upepo, tutapokezana kusema na kusikiliza, na kamera ya dukani isubiri kwanza.