Barafu Inayotunza Habari za Ukame

Wazee wetu huhesabu miaka kwa ukame. Kumbe hata mlima unahesabu!

Theluji ya Kilimanjaro hulala tabaka juu ya tabaka, na vumbi la wakati huo hubaki ndani. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake kutoka Marekani walitoboa barafu hiyo mahali sita. Mwaka 2002 wakaeleza kwamba ya chini kabisa waliikadiria miaka 11,700 hivi. Tabaka moja lilijaa vumbi: dalili ya ukame wa miaka kama 4,000 iliyopita, uliodumu karibu miaka 300. Wataalamu wengine wanabishia umri huo. Lakini barafu inayeyuka. Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 imetoweka. Ikiisha, ushahidi nao umekwisha.

Je, sisi? Kuanzia 2020 mvua zilitukosa misimu mitano mfululizo. Nani aliandika? Basi kila kikundi kiwe na daftari: siku mvua ya Gu na ya Deyr ilipoanza na kukoma, kina cha maji kisimani, bei ya mbuzi. Tukilinganisha miaka, tutajua wakati wa kuuza mbuzi kabla hawajakonda. Tuanze msimu huu.