Haki ya Kufika Hospitali Ungali Hai



Tumeombwa kuzungumza juu ya ambulensi na matibabu ya dharura katika jiji la Nairobi. Huenda miongoni mwetu wamo wanaojiuliza jambo hili linawahusu vipi watu wanaopigania mageuzi ya utawala. Tumezoea kujadili kura, tume ya uchaguzi, mipaka ya maeneo ya ubunge na madaraka ya rais. Leo twataka kujadili gari, nambari ya simu, kitanda na dakika. Twaamini kwamba serikali hupimwa vyema zaidi barabarani usiku wa manane, pale alipolala mtu anayevuja damu, asiye na jina kubwa wala pesa mfukoni. Hapo ndipo hujulikana kama mageuzi yamemfikia mwananchi au yameishia kwenye majukwaa.

Tukumbushane tulikotoka. Kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kilifutwa Desemba 1991, na vyama vingi vikarejea. Tukaendelea kudai katiba mpya. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia katika kanisa la All Saints Cathedral wakawapiga watu kwa virungu, na Mchungaji Timothy Njoya alikuwa miongoni mwa waliojeruhiwa. Miaka 13 baadaye, tarehe 27 Agosti 2010, katiba tuliyoililia ilizinduliwa. Ndani yake, katika kifungu cha 43, mna agizo fupi kwamba mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Agizo hilo halikuweka sharti la kadi, wala la bima, wala la kitambulisho.

Katiba haikuishia hapo. Jedwali lake la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali ya taifa na serikali za kaunti, limeitaja huduma ya ambulensi kwa jina na kuikabidhi kaunti. Kisha ikaja Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Kifungu chake cha 7 chasema kwamba matibabu ya dharura huanza kabla ya mgonjwa kufika hospitali, na kwamba hospitali yenye uwezo wa kumhudumia mgonjwa wa dharura ikikataa kufanya hivyo imetenda kosa. Kosa hilo lina faini. Kwa hiyo, ndugu zetu, hatuombi hisani. Twadai kilichokwisha kuandikwa.

Sasa tuitazame hali ilivyo. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuliwa katika ubalozi wa Marekani katikati ya jiji, zaidi ya watu 200 walipoteza maisha Nairobi na maelfu wakajeruhiwa. Majeruhi wengi walipelekwa hospitalini kwa matatu, mabasi, pikapu na magari ya watu binafsi, kwa kuwa ambulensi zilizokuwapo hazingetosha. Siku hiyo wananchi wa Nairobi walionyesha utu ambao hautasahaulika. Lakini utu wa mpita njia haumfundishi kumbeba mtu aliyevunjika uti wa mgongo, wala haumwambii ni hospitali ipi ingali na nafasi. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yalishika moto katika kijiji cha Sinai, mtaani Mukuru, na watu zaidi ya 100 wakafa. Mara nyingine majirani ndio waliokuwa wa kwanza kuokoa, wakitumia mikono yao.

Mtu atasema hayo ni maafa makubwa, na kwamba hakuna jiji linaloweza kujiandaa kwa kila kitu. Basi tutaje kisa cha mtu mmoja. Mwezi Oktoba 2015 mwanamume aliyegongwa na gari jijini alikaa ndani ya ambulensi kwa muda wa saa 18, akihangaishwa kutoka hospitali hadi hospitali. Huku hapakuwa na kitanda cha wagonjwa mahututi, kule zilidaiwa pesa kwanza. Alipopata nafasi muda ulikuwa umekwisha, akafariki. Tuzingatie jambo moja katika kisa hicho: ambulensi ilikuwapo. Dereva alikuwapo na petroli ilikuwapo. Kilichokosekana ni mlango wa kuingilia. Wanaotuambia kwamba tatizo litakwisha siku kaunti itakaponunua magari mapya na kuyapanga mstari mbele ya wapiga picha, wakumbushwe saa hizo 18.

Huduma ya dharura ni mnyororo wa pete tano, na pete moja ikikatika mnyororo wote hauna faida.

Pete ya kwanza ni simu. Kwa miaka mingi mkazi wa Nairobi amekuwa akibahatisha. Nambari 999 na 112 ni za polisi, 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, St John Ambulance ina yake, na kila kampuni ya binafsi ina yake. Mama ambaye mtoto wake ameungua kwa uji wa moto hana nafasi ya kupekua nambari hizo moja baada ya nyingine.

Pete ya pili ni gari lenyewe. Mwenye bima nzuri au uanachama wa kampuni hufikiwa mapema. Asiye navyo hutegemea gari la umma, na gari hilo mara nyingi liko safarini likihamisha mgonjwa kutoka kituo kidogo cha afya kwenda hospitali kubwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Nairobi. Walio wengi kati yao hawana uanachama wa kampuni yoyote ya ambulensi.

Pete ya tatu ni barabara. Kila mmoja wetu ameona king'ora kikilia jioni katika Barabara ya Jogoo au ya Mombasa huku magari yakiwa yamekaza pande zote. Kuna madereva wasiosogea, na kuna wengine wabaya zaidi, wanaoifuata ambulensi kwa nyuma ili wapate njia. Ukitoka barabara kuu ukaingia Mathare au Mukuru, utakuta vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita, na nyumba zisizo na nambari. Mgonjwa hubebwa kwa blanketi au mkokoteni hadi gari lilipokwamia. Ndiyo maana Mukuru ilipotangazwa kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, na wakazi wakaketi na wataalamu kupanga barabara zao, jambo hilo lilikuwa la afya kama lilivyokuwa la ardhi.

Pete ya nne ni watu waliomo garini. Ambulensi isiyo na mhudumu aliyefunzwa, oksijeni na vifaa vya kuzuia damu ni matatu yenye king'ora. Wahudumu wa dharura wako, na wengi wao hufanya kazi kwa moyo mkuu. Hawa si adui zetu. Tunapodai huduma, twadai pia mishahara yao ilipwe kwa wakati na usalama wao ulindwe.

Pete ya tano ni ule mlango wa hospitali. Kitanda kikikosekana, mgonjwa hubaki garini, na gari lililokwama uani haliwezi kumfuata mgonjwa mwingine. Hivyo upungufu wa vitanda huzaa upungufu wa ambulensi, hata kama magari ni mengi.

Wako watakaotuambia kwamba nchi ni maskini. Twawajibu kwa ushahidi. Mwezi Machi 2020 serikali ilipoweka amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya korona, wanawake wenye uchungu wa kuzaa walinaswa majumbani bila usafiri. Daktari kijana, Jemimah Kariuki, alianzisha pamoja na wenzake mpango wa bure ulioitwa Wheels for Life. Mama alipiga simu, daktari akamsikiliza na kuamua kama anahitaji ushauri, teksi au ambulensi, kisha gari likatumwa. Mpango huo haukujenga jengo lolote jipya. Uliunganisha simu, daktari na magari ambayo tayari yalikuwamo jijini. Ikiwa watu wa kujitolea waliweza kufanya hivyo katika siku za hofu, serikali yenye bajeti, wizara na bunge la kaunti haina udhuru wa kusema haiwezekani.

Sasa twageukia kanisa. Tusome tena habari ya Msamaria katika Injili ya Luka, sura ya 10. Wahubiri wetu husifu huruma yake, na ni haki isifiwe. Lakini tutazame pia utaratibu wake. Kwanza alifunga majeraha palepale njiani, akitumia mafuta na divai. Kisha akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe. Akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, na majeruhi akapokewa, akatunzwa usiku kucha. Dinari mbili zilitolewa siku ya pili. Mwenye nyumba ile hakumwacha mtu nje hadi hesabu ikamilike. Hapo pana hukumu kwa kila mlango wa hospitali ambako karani wa malipo humtangulia muuguzi.

Makanisa yetu yamekuwa Msamaria wa jiji hili kwa muda mrefu. Tumefanya harambee za kulipia bili, tumekomboa maiti zilizozuiliwa mochari, tumetoa gari la parokia saa nane za usiku. Kazi hiyo tusiiache. Ila tuwe macho, huruma yetu isigeuke kuwa pazia la kufunika deni la serikali. Tunapochanga ili kulipia kile ambacho mwananchi amekwisha kukilipia kwa kodi, tusisahau kuuliza kodi ile imekwenda wapi. Mtu anaweza kushika bakuli la sadaka kwa mkono mmoja na barua ya madai kwa mkono mwingine.

Kuna jambo jingine linalowahusu wanaharakati hasa. Mwezi Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga mswada wa fedha, madaktari na wauguzi wa kujitolea ndio waliowashughulikia wengi wa majeruhi, na nyumba za ibada katikati ya jiji zikawafungulia milango. Kifungu cha 37 cha katiba chalinda haki ya kuandamana kwa amani. Haki hiyo haina maana ikiwa aliyejeruhiwa hawezi kufikiwa. Ambulensi haina chama wala kabila. Haipaswi kuzuiwa, kurushiwa gesi, wala kutumiwa kubeba kitu kingine chochote isipokuwa mgonjwa na wanaomhudumia. Sharti hili linawahusu polisi, na linawahusu waandamanaji vilevile.

Tufanye nini, basi? Twapendekeza mambo manne.

Kwanza, tudai nambari moja ya dharura, isiyolipishwa, itakayofundishwa hata katika shule za Jumapili na madrasa, na kituo kimoja kitakachojua kila ambulensi iko wapi na kila hospitali ina vitanda vingapi vilivyo wazi.

Pili, tutumie haki ya habari. Kifungu cha 35 cha katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinatupa uwezo wa kuuliza. Kila parokia na kila kikundi kiiandikie kaunti: ambulensi za umma ni ngapi, ngapi zinatembea, ngapi zimeegeshwa kwa kukosa matairi au mafuta, na zina wahudumu wangapi waliofunzwa? Afisa anatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Habari ikihusu uhai wa mtu, muda ni saa 48.

Tatu, tuhudhurie vikao vya bajeti. Makadirio ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Tusingoje tarehe hiyo ndipo tuamke. Tumuulize mwakilishi wa wadi yetu ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya ambulensi na ngapi zilitumika mwaka uliopita. Sheria ya bima ya afya ya jamii ya mwaka 2023 iliunda mfuko maalumu wa dharura na magonjwa mahututi. Tuulize pia mfuko huo umewalipia wagonjwa wangapi wa wadi yetu.

Nne, kila hospitali itakayodai pesa kabla ya kuokoa maisha iandikwe: siku, saa, maneno yaliyosemwa na mashahidi. Malalamiko yasiyoandikwa hupotea kama moshi. Yaliyoandikwa hufika mahakamani. Wanasheria wako miongoni mwetu, na kifungu cha 22 cha katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea. Maiti haiwezi kujitetea, wala aliyezimia.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili kungoja kunaua. Tulipodai vyama vingi tuliambiwa wakati haujafika. Tulipodai katiba tuliambiwa tusubiri. Tusikubali kuambiwa hivyo tena kuhusu uhai wa jirani zetu. Tuondoke hapa kila kikundi kikiwa kimemteua mtu mmoja wa kuandika ile barua kwa kaunti, na tarehe ya kuipeleka iandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu kabla hatujafunga kwa sala.