Kipakiti, Pompi na Muto Wetu
Mazungumzo na wazazi wanaongojea kliniki ya watoto

Kaeni tu na watoto wenu, sitawakawisha. Leo nimekuja na ndoo mbili, kijiti, kitambaa cha pamba, na hiki kipakiti kidogo.

Siku zote tunawaambia: chemsheni maji. Na siku zote mama mumoja ananijibu: "Mama munganga, makala tutatosha wapi?" Anasema kweli. Mutu anayechagua kati ya kupika ugali na kuchemsha maji, atapika ugali. Kisha mutoto anahara, na tunamuona hapa macho yakiwa yameingia ndani.

Kipakiti hiki kimetoka kiwandani. Kampuni ya Marekani, Procter & Gamble, inayojulikana zaidi kwa sabuni, ilikitengeneza pamoja na wataalamu wa afya wa serikali ya kule, wanaoitwa CDC. Ndani muna unga wa gramu 4 tu. Sehemu moja ni dawa yenye chuma, inayokusanya udongo na kuushusha chini. Sehemu nyingine ni kiloro, inayoua vijidudu, hata vya kolera. Kinatosha kwa maji lita 10. Kwanza walijaribu kukiuza sokoni kama sabuni yao, lakini faida haikupatikana. Watu maskini hawanunui kitu wasichokijua. Basi tangu mwaka 2004 wamekiweka katika kazi ya msaada, wanakitoa kwa mashirika bila kutafuta faida. Mimi nawasifu kwa hilo. Wangeweza kufunga tu.

Lakini kipakiti kinakwisha, na siku msaada haufiki munabaki na ndoo. Kwa hiyo napenda pia vitu vinavyobaki kwetu. Kuna chombo kidogo kiitwacho WATA, cha shirika la Uswisi. Munatia chumvi gramu 25 katika lita moja ya maji, munaunganisha na umeme au nguvu za jua, na kiloro inapatikana pale pale. Kituo cha afya kinaweza kujitengenezea.

Tena kuna pompi ya mukono, ile ya India Mark II. Serikali ya India, UNICEF na kiwanda kimoja cha kule waliitengeneza miaka ya 1970, na hawakuifungia haki ya mutu mumoja. Viwanda vingi vikaruhusiwa kuifanya. Njo sababu imeenea mpaka Afrika.

Sasa sikieni. Nilitembelea kijiji kimoja karibu na mugodi. Sosiete ilikuwa imechimba kisima kizuri, na siku ya kukifungua kulikuwa wakubwa, ngoma na picha. Nilipofika, mukono wa pompi ulikuwa umevunjika na mbuzi walikuwa wamelala juu ya simenti. Kipande kilichovunjika hakikupatikana muji wowote wa karibu. Wamama walikuwa wamerudi kuchota mutoni. Mzee mumoja akaniuliza: "Mama, sosiete njo inachafula muto wetu, halafu inatuletea pompi. Tuseme aksanti?"

Nilikawia kumujibu. Nikamwambia: kwa pompi, semeni aksanti. Kwa muto, ulizeni. Ni hesabu mbili, moja hailipi ingine. Na hiki kipakiti pia, musikitegemee kwa maji yanayopokea uchafu wa mugodi. Kiloro inaua vijidudu, haiui sumu ya madini. Maji kama yale tafuteni kwingine.

Tena sheria ya migodi ya Kongo, iliyogeuzwa mwaka 2018, inataka sosiete ya madini itoe angalau franka 3 katika kila franka 1.000 za mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na wajumbe wa wakaaji wawe katika kuzisimamia. Kwa hiyo zile si zawadi. Mukiitwa kwenye mukutano, pelekeni wamama pia, kwa sababu wao njo wanabeba bido. Ombeni pompi ambayo vipande vyake vinauzwa mujini. Ulizeni nani atafundishwa kuitengeneza, na nani atashika feza za vipande.

Haya, turudi kwa ndoo. Munatia unga wote katika lita 10, munakoroga kwa nguvu dakika 5. Munaacha dakika 5, udongo ushuke. Munachuja kwa kitambaa kisicho na tundu, kuingia ndoo ya pili iliyo safi. Munangoja dakika 20, ndipo kunywa. Kama maji bado yana rangi, musinywe. Funikeni, na mutumie siku hiyo hiyo. Uchafu uliobaki unatupwa chooni, mbali na watoto. Unga wenyewe musiuonje, unaunguza.

Wewe mama wa kitambaa cha bluu, mupe jirani yako mutoto, kuja ukoroge. Baba ataangalia saa. Dakika 5, si mbili.