ELIMU YA MPUNGA NA ELIMU YA MAJI
Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Katika sherehe hii yatupasa kutazama nyuma kidogo, ndipo tujue tuendako. Sisi wa tambarare iliyo chini ya Kilimanjaro tulikamilishiwa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi mwaka 1987. Majaruba ya hekta 1,100 hivi yalisawazishwa katika vijiji vya Mabogini, Rau ya Kati, Oria na Chekereni, yakanyweshwa maji ya mito ya Rau na Njoro. Mavuno ya hekta moja, yaliyokuwa kama tani 2, yakafika tani 6.

Mafanikio hayo hayakuletwa na saruji ya mifereji peke yake; yaliletwa na mafunzo pia. Mwaka 1994 kilianzishwa Kituo cha Mafunzo ya Kilimo hapo Chekereni kwa msaada wa Japani, nacho kimewafundisha mabwana shamba, mabibi shamba na wakulima wa mikoa mingi. Huko mwanafunzi hukaa darasani, kisha huingia matopeni. Huchagua mbegu kwa maji ya chumvi: zinazoelea hutupwa, zinazozama huoshwa na kupelekwa kitaluni. Hujenga kingo, husawazisha jaruba, hupandikiza miche kwa mistari na kupalilia mapema. Akirudi kwao huwafundisha jirani zake; maana mkulima huamini upesi shamba analolipita kila siku.

Lakini, ndugu zetu, mpunga ulienea kuliko maji. Wenzetu walio juu ya mabanio walipoona faida yake nao wakaulima, na majaruba mengi huku chini yakakosa maji. Hatuwalaumu kwa kujifunza jambo jema. Kasoro ni kwamba tulifundishana mpunga kabla ya kufundishana maji.

Wazee wetu wa mlimani waliyajua haya. Mfongo ulikuwa na msimamizi na zamu zake, na aliyekwepa kazi ya kuusafisha alitozwa faini au alinyimwa maji.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, wakulima wa juu na wa chini ya mabanio wafundishwe katika darasa moja, wanawake sawasawa na wanaume. Pili, kila mwanachama ajifunze kwamba jaruba halihitaji kufurika siku zote: udongo ukiachwa ukauke kidogo kisha ukanyweshwa tena kwa uangalifu, maji huokolewa na mavuno hayapungui. Tatu, zamu za maji ziandikwe, zisomwe mkutanoni, na kiongozi azitii kabla ya mwanachama.

Tukiyatenda hayo, mwenye jaruba la mwisho wa mfereji naye atavuna, na hapo ndipo tutakapostahili kuitwa wanaushirika.