Rafiki Mmoja Anatosha: Urafiki, Umaarufu na Shinikizo la Rika katika Sekondari Msingi



Mada yangu inawahusu watoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9. Tangu kundi la kwanza liingie Gredi ya 7 hapa Kenya Januari 2023, tumejadili sana madarasa, maabara na uhaba wa walimu. Tumekuwa na haki ya kulalamika. Lakini hatujajiuliza vya kutosha mtoto huyu anakaa na nani wakati wa mapumziko.

Tuanze darasani. Mwalimu anasema, "Jigaweni watano watano, mchaguane wenyewe." Mtaala wetu unahimiza kazi za makundi, kwa hiyo amri hii hutolewa karibu kila siku. Mtazameni mtoto anayebaki. Kwanza hupanga upya vitabu ambavyo tayari vimepangwa. Kisha huinama kutafuta kalamu ambayo haijaanguka. Mwishowe huomba ruhusa kwenda msalani. Mwalimu akimwingiza katika kundi fulani, kuna atakayeguna, naye atasikia. Mtoto wa namna hii, muhula ukisonga, huwa tayari kutoa chochote ili achaguliwe: atawanunulia wenzake mandazi kwa nauli yake, atawapa kazi yake ya ziada wainakili, atacheka mwenzake anapotukanwa.

Umaarufu wenyewe si dhambi. Yuko mtoto anayefuatwa kwa sababu ni mkarimu, na yuko anayefuatwa kwa sababu anaogopwa. Anayenitia wasiwasi zaidi ni wa tatu. Mwaka 1982, John Coie, Kenneth Dodge na mwenzao mmoja walichapisha utafiti wa Marekani uliowauliza watoto ni wenzao gani wanawapenda zaidi na ni nani hawawapendi. Walikuwepo ambao karibu hakuna aliyewataja, kwa mazuri wala kwa mabaya. Mtoto wa tatu ndiye huyo: hapigani, hapigi kelele, hafikishwi ofisini. Ndiyo maana tunampita.

Kuhusu shinikizo la rika, tumezoea kuwahutubia wanafunzi kwenye paredi: "Kataeni kufuata mkumbo!" Hotuba hiyo haina nguvu tunayoidhania. Margo Gardner na Laurence Steinberg walionyesha mwaka 2005, kwa mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, kwamba vijana wa miaka 13 hadi 16 hujihatarisha zaidi wenzao wakiwapo kuliko wakiwa peke yao. Watu wazima hawakubadilika hivyo. Kijana anaweza kuwa na akili timamu akiwa nyumbani, kisha afanye mbele ya wenzake jambo lile lile aliloapa hatalifanya.

Kinachomwokoa ni nini, basi? Katika majaribio aliyoyaanza Solomon Asch miaka ya 1950, watu walitakiwa kusema ni mstari upi unaolingana na mwingine kwa urefu. Wengine chumbani, waliokuwa wamepangwa, walitoa jibu lisilo sahihi kwa pamoja, na takriban theluthi moja ya majibu yakafuata kundi. Mtu mmoja tu alipowekwa pale kusema kweli, kufuata kundi kulipungua sana. Mmoja tu! Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo. Sembuse mtoto wa miaka 13.

Nasi shuleni tunafanya nini? Tunawatenganisha marafiki wawili kwa kuwa wananong'ona. Tunapogawa mikondo ya Gredi ya 7 tunaangalia alama na idadi ya madawati, tukimkata mtoto na mtu pekee aliyekuwa akimtetea. Kisha tunashangaa akianza kuvuta sigara nyuma ya vyoo na kundi ambalo hata halimpendi.

Wazazi, jioni msiulize alama peke yake; ulizeni, "Leo umekula na nani?" Mkisikia majina yanabadilika kila wiki, au hakuna jina, njooni kwa mwalimu wa ushauri nasaha kabla hamjanunua viatu vya bei ghali ili mwanenu akubalike.

Na ninyi walimu wa darasa, nawaomba mambo mawili. Gaweni makundi wenyewe, wala msimwache mtoto asimame akingoja kuchaguliwa. Na kabla ya kupanga mikondo mwakani, kila mtoto aandike kwa siri majina ya marafiki wawili, nanyi mhakikishe angalau mmoja wao anabaki naye darasani.