Ng'ombe Aliyekaushwa Naye Ale

Leo tunataka tuzungumze habari ya ng'ombe asiyekamuliwa. Tukipita mabomani huku Seme, Nyando na Nyakach, tunaliona jambo hili mara kwa mara: ng'ombe wa gredi akiwa anatoa maziwa analetewa nepia asubuhi na jioni. Akishakaushwa, anafungwa kando ya barabara ajitafutie. Watu husema, "Huyu sasa haleti kitu, ale nini?" Jamani, maziwa ya mwaka ujao yanatengenezwa wakati huo huo.

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Akipandwa tarehe 1 Januari, mtarajieni ndama karibu tarehe 8 Oktoba, na kukamua kuishe mapema Agosti. Katika miezi hiyo miwili ya mwisho ndama hukua mbio tumboni, na kiwele kinajijenga upya. Anayekamua mpaka mwisho, ati kwa sababu bado kuna ya chai, atapata maziwa machache baadaye. Andikeni tarehe ya kupandwa, hata kwa makaa ukutani.

Nepia ikatwe ikifika kama mita moja, isiachwe igeuke kuni. Ng'ombe mkubwa humaliza kama kilo 70 mbichi kwa siku. Lakini nepia peke yake haitoshi, anahitaji pia majani ya jamii ya kunde. Kule Mbita, watafiti wa ICIPE walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba desmodiamu ikipandwa katikati ya mistari ya mahindi, na nepia kuzunguka shamba, kayongo hupungua na bungua huhama. Wengi wameipanda kwa ajili ya mahindi tu. Ikateni, mpeni ng'ombe. Ninyi wa Ahero mna majani makavu ya mpunga: hayo hushibisha tumbo lakini hayajengi mwili, hata mkiyanyunyizia molasi. Na omena je? Ina nguvu kweli, ila maoni yetu ni kwamba watoto washibe kwanza.

Wiki 3 kabla ya kuzaa anzeni chakula cha dukani, kilo 1 kwa siku, mkiongeza polepole mpaka kilo 3 hivi, ili tumbo lizoee. Gorogoro yenu ipimeni mara moja kwenye mizani, kwa maana chakula hicho ni chepesi kuliko mahindi. Wiki hizo msimpe chumvi yenye kalsiamu nyingi. Akiipata ya bure, mwili unazembea kuichota mifupani. Halafu siku ya kuzaa kalsiamu inakimbilia kwenye maziwa, naye anaanguka. Mkimwona amelala hawezi kusimama, masikio baridi, shingo imegeukia ubavuni, huo si uchawi wala uchovu. Mwiteni daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata usiku. Msimmiminie dawa mdomoni, itaingia mapafuni.

Akishazaa, ndama anyonye dang'a mapema, ndani ya saa 6 za kwanza. Mama yake apewe maji. Ng'ombe wa maziwa hunywa lita 60 au zaidi kwa siku, yaani mitungi 3 mikubwa, na maji yakipungua maziwa hupungua siku hiyo hiyo. Hapa tuseme wazi: mitungi hiyo hubebwa na akina mama na wasichana kutoka ziwani au mtoni. Kikundi kinacholeta gredi bila kupanga mabati, mfereji na tangi, kimemletea mama mzigo.

Maziwa hupanda mpaka wiki ya 6 au ya 8, lakini hamu ya kula hurudi polepole, kwa hiyo ng'ombe anakula mafuta yake mwenyewe. Msipunguze kitu wakati huu. Ongezeni chakula cha dukani kidogo kidogo. Maziwa yakipanda ongezeni tena, yakikataa kupanda simameni hapo. Sasa chumvi ya madini mpeni kila siku. Aliyekonda sana hakai joto, mimba inachelewa, na yule mwanachama anayengoja zamu yake ya ndama jike anangoja mwaka mwingine mzima.